Goti la Kilo 240

Mwezi huu naomba tuongelee goti. Tulieni, si lile goti ambalo kaka zetu wa mjini wanalipiga siku hizi mahotelini, pete mkononi na wapiga picha watatu wanasubiri machozi. Wala si goti la kumpigia mama mkwe ukienda kusalimia. Goti ninaloliongelea mimi ni la chuma, lina uzito wa karibu kilo 240 pamoja na ilivyobeba, na linaishi nyuma ya nyumba yetu Tabata, chini ya paa la bati, jirani kabisa na banda la kuku.

Najua kuna wenzangu wameshaanza kufunua kurasa za mitindo. Subirini kidogo jamani. Nina miaka kumi na moja ndani ya ndoa, na kwa kazi yangu hii nimehariri makala za mahusiano mpaka nyingine nazikariri usingizini. Lakini ukiniuliza ni wapi nilipoelewa namna ya kumsaidia mwenzako bila kummaliza, sitakutajia kitabu wala semina. Nitakupeleka uani nikakuonyeshe hilo goti.

Mume wangu ni fundi mitambo. Jumatatu hadi Ijumaa ni mwajiriwa wa kiwanda, lakini wikiendi ni bosi wa karakana yake mwenyewe. Pale anatengeneza spea za mashine za kusaga na kukoboa: anachonga puli, anatengeneza bushi, anakata mifereji ya kii kwenye shafti. Wenye mashine za kusaga wa kuanzia Segerea mpaka Kimara wanamjua, na sehemu nzuri tu ya ada za watoto wetu inatoka kwenye banda lile. Kwa hiyo mtu akisema ile ni hobi ya baba, mimi nacheka.

Ndani ya karakana kuna mashine nyingi ndogo na moja kubwa, na hiyo kubwa ndiyo mafundi wanaiita milingi, yaani mashine ya kuchonga chuma. Kwenye mashine ya kukereza, chuma ndicho kinazunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi ni kinyume: kisu kinazunguka kwa juu, na chuma kimebanwa kwenye jiliwa iliyofungwa juu ya meza. Meza inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ikitakiwa kupanda au kushuka, kinachopanda na kushuka ni goti, lile pande la chuma lililotokeza mbele ya nguzo ya mashine kama goti la mtu aliyekaa kitini, likiwa limepakata meza, jiliwa na kila kitu kilichowekwa juu yake. Iliyovuma zaidi katika aina hii ni Bridgeport, ya Rudolph Bannow, iliyoingia sokoni mwaka 1938 kutoka mji wa Bridgeport, Connecticut, Marekani, na mpaka leo viwanda vya nchi nyingi vinaiga umbo lake. Ya kwetu ni mdogo wake kwa umbo, imetoka Uingereza ikiwa imeshatumika, na siku ilipofika ilishushwa na vijana wanane na kelele zisizo na idadi.

Sasa lile goti linapandishwa kwa mkono. Kuna hendeli mbele, unazungusha, meno ndani yanazungusha skrubu nene iliyosimama wima, na skrubu inalisukuma goti juu. Kila mzunguko mmoja wa hendeli unaliinua kwa milimita 2.5 tu. Ukitoa biti ndefu ya kutobolea ukaweka kisu kifupi cha kuchonga, unaweza kuhitaji kulipandisha sentimita 20. Piga hesabu: mizunguko 80. Ukimaliza, kazi inayofuata inataka lishuke, halafu lipande tena. Kwa siku moja ya kazi, fundi anaweza kumaliza mamia ya mizunguko. Kushuka ni mteremko. Kupanda, weee!

Miaka yote hiyo haikuwa tatizo. Mume wangu alikuwa mtu wa jimu, mwenye seti yake ya vyuma kwenye kibaraza, na alikuwa akizungusha ile hendeli huku anapiga mluzi. Halafu Machi 2023 pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mvua akaangukia bega la kulia. Mfupa ulikuwa salama, ila kano za bega ziliumia. Daktari alimpa miezi ya kupumzika, mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na onyo la kutozungusha wala kusukuma kitu kizito kwa mkono ule. Miezi ikapita, bega likapata nafuu. Likawa linaweza kuvaa shati, kuendesha gari na kumbeba mtoto wa mwisho kwa muda mfupi. Goti la mashine halikuliweza. Mizunguko 20 tu, mtu anakaa juu ya ndoo ameshika bega, jasho linamtoka, na ukimuuliza anakwambia, "Nimepumzika kidogo tu."

Wanawake wenzangu mnalijua lile "kidogo tu".

Ndugu hawakukawia kufika na msaada. Wa kwanza alishauri mashine iuzwe haraka kabla haijashuka bei, akaja na dalali bila taarifa. Wa pili alisema shemeji sasa apumzike, umri nao unakwenda, wakati mtu mwenyewe alikuwa na miaka 41. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, alituletea kijana wa kuzungusha hendeli. Kijana alikuwa na nguvu na adabu, lakini milingi ni kazi ya mkono na sikio. Fundi anapolipandisha goti taratibu kisu kikaribie chuma, vidole vyake kwenye hendeli ndivyo vinavyomwambia kimegusa au bado. Ukimpa hendeli mtu mwingine, fundi anabaki kupiga kelele, "Pandisha... pandisha... basi! Nimesema basi!" Visu viwili vilivunjika wiki ya kwanza. Wiki ya pili mume wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mkaguzi kutoka wizarani kwenye karakana yake mwenyewe. Wiki ya tatu hakwenda uani kabisa.

Kilichonishtua ni mtoto. Jumamosi moja alikuja jikoni akaniuliza, "Mama, baba amesafiri kwenda wapi?" Nikamwambia baba hajasafiri, yupo chumbani. Akasema, "Sasa mbona ameniambia nikawaambie wale wageni wa getini kwamba fundi kasafiri?" Wale wageni walikuwa wateja. Mmoja wao tunamfahamu miaka sita, mashine yake ya kusaga ilikuwa imesimama siku ya nne anasubiri shafti.

Usiku ule sikumwuliza habari za wateja. Nilimwuliza kitu kimoja tu, "Baba, kinachokushinda pale nje ni kazi au ni uzito?" Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala. Halafu akajibu, "Kazi naiweza. Ni uzito."

"Basi tushughulike na uzito," nikamwambia. "Kazi tuiache ilivyo."

Kilichokuwa kinamsumbua, kwa nilivyomwona, ni kwamba kila aliyekuja kusaidia alikuja kuchukua kazi. Mwenye dalali alitaka kuibeba na mashine yake. Mwenye kijana alichukua hendeli. Hakuna aliyetenganisha uzito na kazi, kwa sababu kwa macho vinafanana: vyote viko kwenye ile hendeli moja. Na hivi ndivyo tunavyofanya majumbani kwetu. Mwenzako akilemewa na bajeti ya nyumba, unampokonya bajeti yote. Mkeo akichoka kupika baada ya kazi, unaleta dada wa kazi na unamwambia asionekane jikoni. Unaona umesaidia, na kwa kweli amepumzika, lakini kuna kitu amenyang'anywa ambacho hata yeye hajui kukitaja.

Baba mkwe wangu alifanya kazi karakana ya reli ya TAZARA kule Mbeya mpaka kustaafu. Tulimpigia simu, na baada ya shikamoo na marahaba nyingi, akasema mambo ya kilo hayajadiliwi kwenye simu. Wiki iliyofuata akateremka Dar na begi dogo na geji zake mbili zilizofungwa kwenye soksi. Siku ya kwanza hakugusa mashine. Alinichukua mimi, akasema twende tukatembee mjini.

Tulipoingia lifti ya jengo moja refu pale Posta, akaniuliza, "Mwanangu, unadhani mota ya lifti hii inatubeba sisi na hiki chumba chote?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba upande wa pili wa waya kuna mzigo wa chuma unaoshuka wakati sisi tunapanda. Mzigo ule una uzito wa chumba chenyewe pamoja na kama asilimia 40 hadi 50 ya abiria wote kinachoruhusiwa kubeba, kwa hiyo mota inahangaika na tofauti tu. Tukatoka nje akanionyesha kreni ya ujenzi, mkono mrefu mbele na matofali makubwa ya zege kwenye mkono mfupi wa nyuma. Akanikumbusha vile vizuizi vya barabarani mikoani, gogo refu linaloinuliwa na askari mmoja kwa mkono mmoja, kwa sababu kwenye kisiki chake wamefunga mawe. Akasema Wamisri wa mto Nile walikuwa wakichota maji hivyohivyo maelfu ya miaka iliyopita: mti mrefu, ndoo mbele, udongo au jiwe nyuma. "Dunia nzima inanyanyua vitu kwa kushusha vingine," alisema. "Goti lenu tu ndilo linalonyanyuliwa kibubu."

Nyumbani baba na mwana wakaanza kubishana, na niseme ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kumsikia mume wangu anabishana na mtu. Yeye alitaka kufunga mota kwenye hendeli. Mzee akasema mota itazungusha lakini uzito wote utabaki kwenye skrubu na nati, na tena utampokonya fundi vidole vyake palepale anapovihitaji. Wakajadili zile shoki za gesi zinazoinua mlango wa nyuma wa gari. Zina nguvu nzuri, zinapatikana kwenye spea used, lakini ni fupi kwa mwendo wa goti, na nguvu yake inaongezeka kadiri zinavyobanwa, kwa hiyo goti likiwa chini lingesaidiwa zaidi kuliko likiwa juu. Wakajadili silinda ya hewa: bomba la kipenyo cha milimita 80 likipewa hewa ya bari 4 linasukuma karibu kilo 200, safi kabisa, nafasi ndogo. Lakini hapo unahitaji kompresa ijae muda wote, na rekuleta ya aina inayoachia hewa goti linaposhuka, la sivyo unapigana na hewa uliyoijaza mwenyewe. Mwisho wakarudi kwenye wazo la kizamani kuliko yote: waya, kapi na uzito. Uzito hauhitaji umeme, hauvuji, na unavuta vilevile goti likiwa juu au chini.

Kilo ngapi sasa? Mizani ya kulipima goti hatukuwa nayo. Mzee akachukua bomba nene la chuma kama wenzo, akaliegemeza juu ya kipande cha reli, ncha fupi ya sentimita 25 chini ya goti, ncha ndefu ya mita moja nje. Kwa hiyo kila kilo upande mrefu ilikuwa kama kilo nne upande wa goti. Akaniambia nilete mfuko wa saruji. Kilo 50 zikawekwa kwenye ncha, maana yake goti linasaidiwa kilo 200. Mume wangu akazungusha hendeli kwa mkono wa kulia, ule mbovu. Ikaenda. Akazungusha tena. Nilimwona usoni, nikageuka nikajifanya natafuta kuku.

Kwa furaha tukaanza kuongeza mchanga kwenye ndoo pale kwenye ncha, kidogo kidogo. Kilo 5, hendeli nyepesi zaidi. Kilo 10, hendeli ikawa kama ya cherehani. Watoto wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mzee hakupiga. Alichomoa geji moja kwenye soksi, ile yenye sura ya saa, akaisimamisha juu ya meza ya mashine, halafu akailalia meza kidogo kwa kiganja na kuiachia. Mshale ukaruka huku na huku.

"Mmelielesha," akasema.

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo naomba usiniache. Kati ya skrubu na nati yake daima kuna upenyo mdogo, la sivyo visingezunguka. Mafundi wanasema nati inacheza. Katika hali ya kawaida upenyo huo hauleti shida, kwa sababu uzito wa goti unalalia upande mmoja tu wa meno ya skrubu, wakati wote, na linakaa pale lilipoambiwa likae. Ukiondoa uzito wote, goti linakosa pa kulalia. Linaelea ndani ya ule upenyo. Na visu vingi vya kuchonga vina meno yaliyojisokota, ambayo yanapokata yanakivuta chuma kije juu. Goti linaloelea litavutwa, kisu kitachimba zaidi ya ulivyopanga, na hapo utavunja kisu au utaharibu kazi ya mtu. Hendeli nyepesi kuliko zote ndiyo hatari kuliko zote.

Mzee akapunguza mchanga mpaka akarudi chini hata ya mfuko ule wa saruji. Ikaonekana goti linaanza kuelea kwenye kilo 60 za ncha ndefu, yaani kilo 240. Akaamua tusaidie robo tatu, kilo 180, na kilo 60 ziachwe zikae kwenye skrubu. "Hizo ndizo zitakazomwambia mwanangu kwamba goti lipo," alisema.

Wakachora. Waya ukifungwa juu kwenye fremu, ukashuka kupita kwenye kapi lililofungwa kwenye goti, ukapanda tena juu na kushukia kwenye uzito, goti linavutwa na nyuzi mbili za waya huohuo. Kwa hiyo uzito wa kilo 90 unavuta kilo 180. Gharama yake ni kwamba uzito unasafiri mara mbili ya safari ya goti: goti likipanda sentimita 20, uzito unashuka 40. Wakaweka waya mbili, kulia na kushoto, ili goti lisivutwe upande mmoja likakwama kwenye reli zake, na wakazipitisha karibu na nguzo ili meza iendelee kwenda pande zote bila kuzigusa. Waya ni za chuma, milimita 6, ambazo kila moja inahimili zaidi ya tani moja wakati yetu inabeba kilo 45 tu. Kapi zikachaguliwa pana, kwa sababu waya unaokunjwa kwenye kapi dogo unakatika nyuzi moja moja mpaka siku unakusaliti.

Halafu likaja swali la kilo 90 zitoke wapi. Mzee alitaja ngoma za breki za lori. Mume wangu alisimama, akaenda kibarazani, akarudi na sahani moja ya jimu ya kilo 20. Akaiweka chini. Akaenda tena. Zile sahani zilikuwa zimekaa tangu ajali, zimeliwa na vumbi, hakuna aliyethubutu kuzigusa wala kusema ziuzwe. Sahani nne za kilo 20 na mbili za kilo 5. Tisini kamili. Baba yake alizitazama, akamtazama mwanawe, akasema, "Hizi zinafaa." Basi, hakuna aliyeongeza neno.

Mimi nami nilikuwa na sharti langu, nikaliweka mezani kabla ya kuchomelewa chochote. Nyumba ina watoto watatu na kuku wasiojulikana idadi, siwezi kuwa na kilo 90 zinaning'inia hewani. Nilitaka uzito usafiri ndani ya kizimba kilichofungwa pande zote, chenye kitako imara, kwamba hata waya zikikatika zote mbili hakuna kidole wala kuku chini yake. Kwa goti lenyewe hakukuwa na hofu, maana skrubu bado imelishika na lisingedondoka. Mume wangu alisema kizimba kitaongeza siku mbili za kazi. Nikamwambia siku mbili si kitu. Mzee akaniunga mkono, na kizimba kikajengwa kwa bomba za mraba na wavu mzito, na mlango mdogo wenye kufuli wa kuongezea au kupunguza sahani.

Ilichukua wikiendi tatu. Bega lake halikufanya kazi nzito. Kijana yuleyule wa hendeli alirudi kushika na kunyanyua, na safari hii alikuwa anafundishwa. Siku ya kujaribu, mume wangu alisafisha reli za goti, akazipaka mafuta mapya, kwa sababu uzito wa kusawazisha unaondoa mzigo lakini hauondoi msuguano. Akashika hendeli kwa mkono wa kulia. Akazungusha mara 80 bila kukaa. Haikuwa kama cherehani. Kulikuwa na ubishi kidogo, kama wa ndoo ya maji ya kisima kifupi, na nilimwona anausikiliza. Akabana kipande cha chuma, akapandisha taratibu mpaka kisu kikagusa, akasimama mwenyewe. Hakuna aliyemwambia basi.

Jumatatu ya wiki ile yule mteja wa miaka sita alipata shafti yake ya akiba, na mtoto hakutumwa tena getini.

Usinielewe vibaya, mume wangu hakupona kwa muujiza. Bega linamsumbua wakati wa baridi, na kazi nzito sana anazikataa. Akifunga chuma kizito mezani anafungua kizimba na kuongeza sahani mbili za kilo 5, maana kilo 10 kule ni msaada wa kilo 20 huku, kisha anaziondoa akimaliza. Amejifunza pia kutozungusha kwa pupa na kusimama ghafla, kwa sababu kilo zile 90 nazo zina mwendo wake na hazipendi kushtuliwa. Msaada nao una uzito wake, lazima uuzoee.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia ndoa za marafiki zangu kwa jicho hilo. Nina shoga yangu ambaye mumewe alipoteza kazi. Alichofanya ni kuchukua kila kitu: kodi, chakula, ada, hata vocha ya simu ya mume. Kwa upendo kabisa. Baada ya miezi mitano akaja kwangu analia kwamba mwanaume amekuwa kama mgeni, anakaa tu, maamuzi hatoi. Nilimwambia habari ya ndoo ya mchanga. Wakakaa chini, wakakubaliana mume abebe bili ya maji na mambo yote ya shule isipokuwa ada, yaani vikao, usafiri, madaftari, kwa vihela vya vibarua alivyokuwa anapata. Kipesa ni kidogo mno. Lakini kuna asubuhi ambazo watoto hawafiki shule asipoamka yeye.

Kwa upande wa pili, kuna wanaoacha kilo zote 240 kwenye mkono wa mwenzao halafu wanaita hiyo ni kumheshimu. "Mke wangu ni jasiri, anaweza." Anaweza, ndiyo, mpaka bega litoke. Msaada wa maana una kipimo, na kipimo hakipatikani kwa kukisia ukiwa sebuleni. Sisi tulikipata kwa kuongeza mchanga kidogo kidogo huku mwenye hendeli akituambia anasikiaje.

Na mimi je, nani amenifungia sahani? Wiki ya kufunga gazeti hili huwa narudi nyumbani saa nne usiku, kichwa kimejaa vichwa vya habari. Wiki hiyo mume wangu ndiye anayechukua watoto shule, anayesimamia homework na kuhakikisha kuna chai kwenye chupa pembeni ya kompyuta yangu. Robo tatu ya nyumba anaivuta yeye. Lakini hajawahi hata siku moja kuniambia, "Acha nikusomee hizo kurasa," wala, "Kwani lazima uhariri wewe?" Zile kilo zangu 60 ameniachia. Nikimlalamikia ananijibu, "Punguza mchanga, mama," tunacheka, narudi kwenye kurasa zangu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakagua waya pamoja. Yeye anapitisha kitambaa taratibu kuanzia juu mpaka chini, maana uzi wa waya uliokatika utanasa kitambaa kabla haujachoma kidole. Mimi namulika tochi na kuhesabu klipu. Ni dakika kumi tu, na mara nyingi ndizo dakika ambazo tunaambiana mambo ambayo wiki nzima hatukupata nafasi ya kuambiana. Mwezi uliopita nilimwuliza, hivi sahani zikiongezwa kidogo tu, hata kilo 5, si ungepumzika zaidi? Alifuta mikono, akafunga mlango wa kizimba, akaniambia hapana, ziache hivyohivyo.

Tukutane mwezi ujao.